Kontena lilipokumbuka bahari

Jamani watu wakisikia naishi kwenye baridi halafu nina swimingi pulu nyumbani wanadhani nimeshakuwa tajiri. Swimingi pulu yenyewe ni kontena. Kontena la meli kabisa, lile la futi 20, limekatwa bati la juu, likapakwa rangi ya kuzuia maji, likafukiwa ardhini. Tunaogelea miezi michache ya joto, na hapo nasema kuogelea kwa heshima tu, ukweli ni kuingia, kupiga ukelele na kutoka.

Muda mwingine wote ni kulihudumia. Kabla ya baridi kali unapunguza maji kidogo, unapuliza mabomba yabaki makavu, unayaziba na vizibo vya mpira, maana maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9 na bomba halina ubavu wa kubishana nayo. Pampu unaing'oa inalala ndani, ina kona yake kabisa, mimi nikikoroma nahamishiwa sebuleni. Ila maji yaliyobaki unayaacha humohumo chini ya turubai yagande yatakavyo.

Sasa shemeji yangu, kaka yake mama watoto, alikuwa amekuja kukaa nasi, mchapakazi balaa, hawezi kutulia. Theluji inayeyuka, mimi nimesafiri kikazi, yeye kachungulia chini ya turubai kaona maji ya kijani na majani yaliyooza, kinyaa kikampanda, akasema ngoja nimfanyie shemeji sapraizi. Akaazima pampu akayavuta yote halafu akapiga deki. Deki! Akanitumia picha yumo ndani na fagio lake anacheka.

Nikampigia hapohapo. "Shemeji, toka humo, rudisha maji!"

"Maji gani tena shemeji, ndo kwanza nimekausha. Usiku mwema."

Shida ni kwamba theluji ikiyeyuka ardhi inashiba maji, na kontena tupu la saizi ile lina tani 2 na ushee tu. Chini ni kama mita za mraba 15, kwa hiyo maji ya ardhini yakipanda pembeni yake sentimita 15 hivi, kwa hesabu tayari linaelea. Na hiki ni chombo kilichozoea bahari, hakihitaji kubembelezwa.

Usiku mama watoto akasikia mlio, kama geti kubwa la chuma linafunguliwa na mtu asiye na haraka. Wakatoka na tochi. Kontena limeinuka upande mmoja, mbao za pembeni zinakatika moja moja, pa, pa, ngazi ya kushukia imetazama mbinguni. Shemeji bila kuuliza akarukia ule upande ulioinuka akaukalia ili ushuke. Mtu mwenyewe mwembamba, na koti likiwa limelowa. Halikushtuka hata kidogo. Wakaona basi wamimine maji ndani, mpira wa maji umeganda, wakaanza ndoo, na kila ndoo inakimbilia ule upande uliolala kwa hiyo linazidi kupinda, na mama watoto ananisimulia yote haya kwenye simu huku anacheka na analia.

Narudi, nalikuta limechomoza mpaka kiunoni. Fundi akaitwa, akalizunguka taratibu, akainama kuchungulia chini, akauliza kwa upole tu, "Sasa hili mnalitia nanga wapi?"

Shemeji akamjibu kwa uchungu kabisa, "Lakini ndani ni safi."