Oringi Haiulizwi kwa Jina la Gari

Nenda dukani uulize raba ya kikombe cha kutenga maji cha trekta la zamani. Muuzaji atauliza modeli na mwaka, atamwita kijana wa stoo, kijana atarudi mikono mitupu, halafu hukumu itatoka: "Mzee, hiyo haitoki tena. Chukua filta hedi (kichwa cha filta) nzima na kikombe chake." Nimeisikia hukumu hiyo Kariakoo na Gerezani, na kila nikiisikia nabisha. Kilichoacha kutoka ni pakiti yenye namba ile. Raba yenyewe huenda ipo kwa jirani yake anayeuza mipira ya haidroliki, ila jirani hajui kwamba inaingia kwenye trekta, na wewe hujui kwamba anayo.

Tumezoea kuuliza spea kwa jina la gari. Kwa pistoni au krankshafti ni sawa, huna ujanja. Lakini oringi, yaani raba ya duara kama hiyo ya kikombe, ni vipimo viwili na aina ya mpira. Kipenyo cha ndani, unene wa mpira wenyewe, na umetengenezwa kwa nini. Ukijua hayo matatu, jina la gari halina kazi tena.

Tazama majina yaliyopita kwenye filta za CAV, zile zilizofungwa kwenye maelfu ya injini za Perkins, matrekta ya Massey Ferguson na magari ya Kiingereza. CAV ni herufi za mwanzo za Charles Anthony Vandervell. Lucas waliinunua kampuni yake mwaka 1926. Mwaka 1996 Lucas wakaungana na Varity, kampuni ambayo kabla ya kubadili jina ilikuwa ni hiyohiyo Massey Ferguson. Mwaka 2000 kitengo cha dizeli kikaenda kwa Delphi, na mwaka 2020 Delphi Technologies ikanunuliwa na BorgWarner. Katika mauziano yote hayo namba za spea zilifutwa, zikaunganishwa, zikaandikwa upya. Mfereji inamokaa raba kwenye trekta la babu yako haukuongezeka hata nusu milimita.

Kwa filta ya kawaida ya CAV 296 una bahati, kwani elementi mpya (kichujio cha ndani) kwa kawaida huja na raba zake: mbili kubwa za juu na chini, na kioringi kidogo cha katikati ambacho mafundi wengi hukitupa pamoja na boksi bila kukiona. Taabu ipo kwenye vikombe vya kioo, hedi za zamani zenye elementi ya kitambaa, na pampu za mkono zinazokaa juu ya filta za pikapu, ambazo mara nyingi huuzwa nzima tu.

Sasa kupima, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanachukua raba iliyotolewa, wanaipeleka dukani, wanatafuta inayofanana nayo. Raba iliyokandamizwa miaka ishirini si kipimo cha kitu chochote. Ikate uitazame kwenye ubavu: badala ya duara utaona umbo bapa, na kipenyo chake chote kimeshatanuka kwa kulowa mafuta. Pima mfereji. Safisha kutu na gundi ya zamani, ingiza mkia wa venia (kipimo cha chuma cha milimita), soma kina, upana na kipenyo. Tuseme kina ni milimita 2.0. Raba ya zamani imebaki na unene wa 2.1, kwa hiyo ukinunua ya 2.1 itabanwa kidogo mno na kesho itavuja. Unene wa kawaida wa vipimo vya inchi, vinavyoitwa AS568, ukigeuzwa kuwa milimita ni 1.78, 2.62, 3.53, 5.33 na 6.99. Ya 2.62 kwenye mfereji huo inabanwa karibu asilimia 24, na hapo inakaa vizuri. Oringi za Kijapani za mfululizo wa P zina 1.9, 2.4, 3.5 na 5.7, na hiyo ya 2.4 nayo inabanwa asilimia 17, si haba. Angalia pia upana, kwa sababu mpira ukibanwa lazima upate pa kwenda. Kama hauna nafasi, kikombe cha kioo ndicho kitakachopasuka.

Kuhusu aina ya mpira sina subira kabisa. Wauzaji wengi wataapa kwamba "hii ni ya mafuta" bila kujua ni ya mafuta gani. Mpira wa nitrili, NBR, unatosha kwa dizeli ya kawaida. FKM, ambayo watu huiita Viton, ni bora zaidi palipo na joto au dizeli yenye mchanganyiko wa mafuta ya mimea. EPDM ni nzuri kwa breki na maji, ila ndani ya dizeli inavimba mpaka inatoka kwenye mfereji, na kwa macho haina tofauti na NBR, zote nyeusi. Rangi isikudanganye; FKM nyingi ni za kahawia au kijani, lakini hata nyeusi zipo. Pima raba, iache kwenye chupa ya dizeli usiku kucha, asubuhi pima tena. Ikiwa imenenepa na kulegea, mrudishie mwenyewe. Na wale wanaokata tyubu ya baiskeli kutengeneza raba ya filta, tyubu hiyo ni mpira wa butili na dizeli ni adui yake. Inazuia mafuta wiki moja, kisha inageuka uji.

Wapo wanaosema mbona raba zilizodumu miongo zilianza kuvuja zenyewe. Mafuta yenyewe yanaweza kuwa sababu. Marekani walipopunguza salfa kwenye dizeli mwezi wa Oktoba 1993, baadhi ya pampu zilizokuwa nzima zilianza kuvuja. Raba za nitrili zilizokuwa zimevimba kwa dizeli ya zamani zilisinyaa zilipokutana na mpya, na kwa kuwa zilishakakamaa, hazikuweza kujaza nafasi. Sisi Afrika Mashariki tulianza safari ya dizeli ya 50 ppm, yaani sehemu 50 za salfa kwa milioni, mwaka 2015. Sidai kwamba kila uvujaji ulitokana na hilo, ila kumlaumu fundi peke yake si haki.

Mvujo unaonisumbua zaidi ni ule usioonekana. Kwenye Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, pampu ya nozeli (inayosukuma dizeli kwenye nozeli) yenyewe ndiyo inayovuta mafuta kupitia filta. Raba ikichoka hapo huoni tone chini ya gari. Hewa ndiyo inayoingia. Gari linalala, mafuta yanarudi kwenye tangi, asubuhi unapiga stata mpaka betri inalalamika. Watu wameuziwa nozeli, wameuziwa betri, wengine wamefunguliwa pampu nzima kwa sababu ya raba ya bei ya soda. Funga kipande cha mrija wa plastiki angavu kati ya filta na pampu, washa, utazame. Mapovu yakipita, rudi nyuma kiungo kwa kiungo. Na tafadhali, usipake silikoni. Ile ya kawaida ya dukani inalainika ndani ya dizeli, na kipande kikichomoka upande wa baada ya elementi, kinakwenda moja kwa moja kwenye pampu.

Ninachowaomba wenye maduka si kikubwa. Wekeni venia kaunta. Andikeni kwenye vijidroo "NBR 70" au "FKM 75" (namba ni ugumu wa mpira) badala ya "oringi za Toyota". Mteja akija na kina cha mfereji, msimwone mjuaji.

Nami naweka mpaka hapa: haya yote ni ya upande wa presha ndogo, yaani tangi, kikombe, filta na njia ya kurudisha mafuta. Magari mapya ya reli moja (common rail), ambayo presha yake hufika bar 1,600 na zaidi, yana viungo vinavyobana chuma kwa chuma, na mrija ukilegea hupeleki mkono kutafuta panapovuja. Mchirizi wa dizeli kwa presha hiyo unapenya ngozi. Zima injini, mpigie fundi mwenye mashine ya kupimia.