Tutakutunzia

Jumamosi iliyopita kilifanyika kikao cha ukoo Kibirizi, Kigoma, siku mbili baada ya arobaini ya mume wa mama yangu mdogo, na tangu siku hiyo usingizi wangu umekuwa wa kuibia. Nimejaribu kuinyamazia habari hii nikashindwa. Kuna neno moja lililosemwa pale limenikaa kooni: tutakutunzia.

Wanaume saba walikaa uani kwenye mkeka. Sisi wanawake tulikuwa upande wa jikoni, tunaosha sufuria huku tunatega masikio. Mama mdogo yumo edani, kwa hiyo alipoitwa alikuja amejitanda nguo nyeupe akaketi mlangoni, si mkekani. Mkononi alikuwa na daftari la kikoba, kikundi chao cha kuweka na kukopa, lile kubwa lenye jalada gumu, amelifunga kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu liliwahi kulowa mvua. Akalifungua polepole, akatafuta ukurasa, akamsogezea kijana aliyekuwa anaandika muhtasari. Kijana akalipokea, akaliweka chini pembeni ya kikombe cha chai, akaendelea kuandika. Hakuna aliyelitazama. Mpaka kikao kinaisha lile daftari lilikuwa palepale.

Aliyezungumza ni kaka mkubwa wa marehemu. Alizungumza kwa upole, na naamini kabisa hakuwa na nia mbaya: "Shemeji, wewe ni mwanamke na umebaki na watoto wadogo. Mashine ya mtumbwi ni kitu cha ziwani, itakusumbua bure. Sisi tupo. Tutakutunzia." Mama mdogo akaitikia, "Sawa, shemeji." Fatiha ikasomwa. Asubuhi yake vijana wawili wakaibeba mashine begani, na jioni ilikuwa imeshafungwa kwenye mtumbwi wa mdogo wake marehemu.

Ukikaa barazani hapa Kigoma ukauliza nani analindwa zaidi, mwanamke au mwanaume, utajibiwa haraka: mwanamke. Mifano wanayo. Ndani ya daladala mama mwenye mtoto anapishwa kiti. Binti haruhusiwi kutembea usiku peke yake. Hata sheria ya kazi ya 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 na baba siku 3. Yote ni kweli na mimi sibishi kwamba tunalindwa. Ninachouliza ni tunalindwa kama nani. Maana ukimtunzia mtu kitu, kitu kinabaki chake, na siku akikitaka unampa. Mtoto mdogo tunamtunzia hela ya Idi ili asiipoteze. Mama mdogo ana miaka 41, anajua kusoma, anajua hesabu kuliko wote waliokaa kwenye ule mkeka, na ile mashine ameinunua yeye.

Hapa niseme taratibu, kwa sababu ndipo roho inaponiuma. Mwaka 2022 walikuwa na mtumbwi wa makasia tu. Mama mdogo alichukua mkopo wa milioni tatu kwenye kikoba, akaongeza akiba yake ya dagaa, mumewe akaongeza alichokuwa nacho, mashine ikanunuliwa. Risiti iliandikwa jina la mume, kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda dukani. Marejesho alilipa mama mdogo kila wiki, na kila wiki yameandikwa mle kwenye daftari. Alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kuwahi mitumbwi inaporudi. Ananunua dagaa wabichi, anawatandaza juu ya chanja mmoja mmoja wasigandane, anawageuza jua likipanda. Wingu likitokea upande wa Kongo anaita watoto wote wa jirani waje kuanua, kwa sababu dagaa wakinyeshewa wanaoza na hela ya rejesho imekwenda nao. Nimeviona viganja vyake. Vina mikato midogo midogo ya magamba na chumvi, haiponi.

Kisha Ziwa Tanganyika likafungwa kwa uvuvi, tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu mashine imelala sebuleni imefunikwa kanga. Mume alikaa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapoegeshwa, na wenzake wakishona nyavu, na simlaumu, kazi haikuwepo. Mama mdogo alikwenda Mwandiga kununua mawese, akawa anayauza kwa chupa sokoni Mwanga. Rejesho halikukosa hata wiki moja. Watoto walikula. Sasa mtu huyu ndiye anayeambiwa mashine itamsumbua.

Wenzangu wataniambia hiyo ndiyo dini au ndiyo mila. Dini naijua kidogo. Kurani imempa mjane mwenye watoto thumni, moja ya nane, imeitaja wazi katika Suratun-Nisaa, na wale waliosoma Fatiha wanaijua kuliko mimi. Kwenye kile kikao neno thumni halikutamkwa. Mila nayo tunayo iliyoandikwa: tamko la sheria za mila la 1963 linasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na wanawe kama yeye alivyowatunza. Soma tena hapo. Kutunzwa ndiyo fungu lake. Niliposoma mstari huo niliisikia sauti ya shemeji wa mama mdogo, neno kwa neno, ingawa sidhani kama amewahi kuiona ile karatasi. Hahitaji kuiona. Imo mdomoni mwetu sote, hata mwangu, maana na mimi siku ile nilikuwa naosha sufuria na sikusema kitu.

Lakini kabla ya kufika kwenye urithi, kuna swali la nini hasa ni mali ya marehemu. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali waliyochuma pamoja. Lile lilikuwa shauri la talaka, la msiba lina njia yake, nakubali. Ila kama kupika na kulea kulihesabiwa miaka zaidi ya arobaini iliyopita, daftari lenye tarehe na saini za mweka hazina linashindwaje kuhesabiwa leo? Kwanza wangetenga cha mke, kinachobaki ndicho wakae kukigawa.

Na Sheria ya Ndoa ya 1971, ile iliyomruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi huku kijana akisubiri 18, Mahakama ya Rufani ilivikataa vifungu vyake mwaka 2019. Mtaani bado nasikia wazee wakivitetea kwamba vilikuwa vinamkinga binti asiharibikiwe. Kukingwa tena.

Kuna jambo moja la wanaume ambalo lazima nilikubali, ingawa linanitia uzito. Binamu zangu wawili wamepishana mwaka mmoja. Dada alipofika miaka 15 aliambiwa adhana ya magharibi isimkute nje ya kizingiti. Kaka, wa miaka 14, saa ileile alikuwa anabeba taa na betri kwenda mwaloni, akakeshe ziwani usiku wa giza pamoja na watu wazima. Jaketi la kuokolea hakuwa nalo. Usiku mmoja upepo wa kusi uliwapindulia mtumbwi. Alirudi asubuhi bila kandambili, amelowa, meno yanagongana, mama yake anamfunika blanketi huku analia. Wajomba walimpiga bega wakamwambia sasa umekuwa mwanaume. Siku ya tatu alikuwa ziwani tena. Hakuna mtu katika ukoo mzima aliyemuuliza kama anaogopa. Mimi pia sikumuuliza, na mpaka leo nikikutana naye jambo hilo linanirudia. Kwa hiyo ndiyo, watoto wa kiume tunawatupa majini na tunaita malezi, na anayesema wanaume hawalindwi ana haki ya kusikilizwa. Ila yule kijana akitoka hai, hela yake ya usiku anapewa mkononi, anaihesabu mwenyewe. Dada yake akioka maandazi akauza, hela inatunzwa na baba.

Jana nilikwenda kumtazama mama mdogo. Tulikaa nyuma ya nyumba, jua linazama upande wa pili wa ziwa, mashine zinaanza kuwaka moja moja. Tulikuwa tunaongea habari za shule ya watoto. Akanyamaza ghafla, akainua uso. Mimi niliona ni kelele tu za mwaloni, kama jioni zote. Akasema, "Ile yetu hiyo. Plagi wameshaiharibu, isikie inavyokohoa." Akasikiliza mpaka ikaisha kabisa.

Kisha akaniuliza simu yangu ina chaji kiasi gani. Eda yake ikiisha anataka kwenda Mahakama ya Mwanzo kwa ajili ya mirathi, na anaogopa daftari lisije likapotea kabla. Akanishikia tochi, akawa anafungua ukurasa, ananyoosha mkunjo kwa kiganja, mimi napiga picha. Tulimaliza kurasa 31 usiku, tukazirudia tatu ambazo wino umefifia.