Mzee akianza kusahau, nani anaelemewa zaidi: binti au kaka yake?

Katika familia nyingi za Uganda, mzee akianza kupotea njia anapotoka msikitini, mgawanyo wa kazi hauitishiwi kikao. Binti au mkaza mwana anabaki nyumbani kuuguza, kaka anatuma pesa kwa simu kutoka Kampala au Juba. Kisha kila mmoja anaona mwenzake ndiye aliyepata nafuu.

Takwimu ziko upande wa binti. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake ndio wanaotoa asilimia 70 ya saa za kuwahudumia wagonjwa wa demensia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Mwaka 2006 watafiti Martin Pinquart na Silvia Sörensen walijumlisha tafiti 229 kuhusu watu wanaouguza wazee, wakakuta wanawake wana mzigo na sonona zaidi kuliko wanaume. Ila tofauti ilikuwa ndogo, na sehemu yake ilitokana na kazi yenyewe kuwa nyingi. Wanaosema wanawake wana moyo mwepesi tu hawana pa kushika hapo.

Upande wa kaka nao una hoja. Dodoso la Zarit, lililoanza kutumika mwaka 1980 na linalotumika sana kupima mzigo huu, lina maswali 22 na linagusia pesa mara moja tu. Anayelipa nepi, dawa na mshahara wa msichana wa kazi atauonyesha wapi mzigo wake? Tena mwanamume gani atamwambia mgeni mwenye karatasi kwamba baba yake anamtia aibu?

Halafu kuna miko. Kwa kabila la Waganda, mkaza mwana hamgusi baba mkwe, seuze kumwogesha. Mzee akijichafua usiku wa manane, mwana ndiye anayebeba beseni. Anafunga mlango, anavuta shuka, na baba anamkaba mkono akipiga kelele kwamba ameingiliwa na mwizi. Asubuhi mwana huyo anakwenda kazini na hamwambii mtu. Dada yake angalau ana wenzake wa kikundi cha akiba wa kulia nao.

Hata hivyo, mimi niko upande wa binti, na sababu ni saa. Pesa ikichelewa wiki moja, duka la dawa linaweza kukopesha. Mzee anayetaka kutoka saa nane za usiku ili "arudi kwao", naye yuko kwao, hangoji. Ruzuku ya serikali kwa wazee ni shilingi 25,000 kwa mwezi, katika wilaya nyingi huanzia miaka 80, na ni ya mzee mwenyewe, si ya anayemuuguza. Kaka akija na sukari na soda za kutosha Jumapili, akaondoka kabla giza halijaingia, hajapunguza kitu. Alale hapo wiki nzima, ufunguo wa geti ukiwa mfukoni mwake, na dada aende kwake akalale.