Bei kulingana na uzito

Haya, sasa tumefika hapa. Zamani menyu ilikuwa na bei. Unaona 18,000, unajipapasa mfukoni, unaamua kukaa au unakumbuka ghafla kwamba kuna mtu anakusubiri Mwenge. Siku hizi hii migahawa iliyoota hapa Dar, Masaki, Mikocheni na Mbezi Beach, yenye taa zinazoning'inia hadi utosini na viti vya chuma visivyotaka mtu akae, mstari wa samaki mzima hauna bei. Pameandikwa "bei kulingana na uzito". Uzito wa nani? Wa samaki, au wa gari lililokuleta?

Yapo mengine, na tumeyanyamazia miaka yote. Menyu haishikiki tena, unapewa kibao chenye vidoti ukisome kwa simu yako na bando lako. Maji unaulizwa "ya kawaida au ya gesi", na chupa imeshafunguliwa kabla hujafungua mdomo. Ugali ni 8,000, wakati kilo nzima ya sembe kwa Mangi haifiki 3,000 na sahani moja haimalizi hata robo yake, ila huu umefinyangwa kwenye kikombe ukapinduliwa na kuwekewa jani la kotimiri juu, kwa hiyo unalipia na ujenzi. Mchicha umepewa jina la Kifaransa. Tumevumilia.

Lakini samaki hapana. Habari ya samaki tuizungumze kwa utulivu, kama watu wazima.

Unakaa na mama watoto, kavaa gauni la harusi za wikiendi. Mhudumu anakuja, kijana mtanashati, ana adabu zake. "Karibu sana bosi. Leo tuna changu, freshi kabisa, katoka baharini asubuhi." Ni mwezi wa saba, kusi inavuma, mitumbwi imelazwa mchangani Kunduchi na Msasani, wavuvi wanashona nyavu na kucheza bao, lakini changu wake katoka baharini asubuhi. Asubuhi ya lini, hasemi. Kwamba huyo changu kapita mnadani Feri, akapanda gari, akavuka Daraja la Tanzanite, na kila alipopita akaongezewa cheo, hilo nalo hasemi.

"Nimlete umwone, bosi?"

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Samaki analetwa mezani kwenye sinia, amelalia barafu na kipande cha limau, mnatambulishwa. Meza za jirani zinageuka. Wewe nawe, kwa kuwa hutaki kuonekana umekulia dagaa, unatikisa kichwa polepole, unasema "mzuri huyo", kana kwamba umekuja kuposa. Umekwisha. Neno "mzuri" likishatoka, mkataba umesainiwa.

Usitikise kichwa. Chungulia macho kwanza. Samaki mbichi wa kweli jicho limetuna, linang'aa, na mboni yake ni nyeusi. Likiwa limedidimia na lina ukungu, huyo ana siku kadhaa na anazijua. Kisha inua kifuniko cha shavu uone matamvua. Mekundu, sawa. Yakiwa ya kahawia na yananata ute, mwambie arudi alikotoka. Bonyeza ubavuni kwa kidole: nyama irudi mahali pake mara moja, shimo likibaki, ameanza kulegea. Mwisho nusa. Samaki mzuri ananukia bahari, na ukipata harufu inayopanda puani na kukutoa machozi huna haja ya ushahidi zaidi. Mama watoto atakukanyaga mguu chini ya meza na kunong'ona, "Baba nanii, umemaliza kumpima presha?" Vumilia. Mguu utapona.

Na nisimwonee mtu: aliyegandishwa vizuri siku aliyovuliwa ni bora mara nyingi kuliko "freshi" aliyelala juu ya barafu inayoyeyuka siku nne. Shida yake ni bei tu. Utamjua kwa jicho jeupe lote, nyama iliyopwaya na maji yanayochuruzika kwenye sinia bila kukoma. Mle, ila asikulipishe bei ya alfajiri.

Sasa uzito.

"Huyu ana kilo moja na gramu 700, bosi."

"Amepimwa wapi?"

"Jikoni."

Mizani ya jikoni! Kifaa hicho hakijawahi kuonekana na raia. Unakiamini kwa imani tu. Sema kwa heshima zote, "Naomba nimwone akipimwa." Mhudumu atacheka kidogo akidhani unatania. Usicheke. Ataenda, watanong'onezana kaunta, atatoka meneja mwenye tai, atakuita mheshimiwa, na mizani italetwa. Ikifika, usimruhusu mtu aweke samaki na sinia lake juu yake. Kwanza sinia tupu, mizani ibonyezwe isome sifuri, ndipo mgeni wako apande, bila barafu, tumbo limekamuliwa maji. Sinia la chuma linaweza kuwa na gramu 300. Kwa bei ya 6,000 kila gramu 100, hiyo ni 18,000 ya chuma, na hurudi nacho nyumbani.

Baada ya vuta nikuvute anasoma kilo 1 na gramu 350. Meneja anashangaa kuliko wewe. "Atakuwa amekauka kidogo," anasema.

Bado una swali moja, na hili ndilo linalowaondolea watu urafiki: huo uzito ni kabla ya kumpaa magamba na kumtoa utumbo, au baada? Ni kabla. Siku zote ni kabla. Magamba na utumbo ni kama gramu 160 hivi, unavinunua, kisha vinabaki kwao na paka. Ukija kwenye nyama safi bila kichwa na mifupa, changu anatoa kama asilimia 45 ya uzito wake mzima, yaani gramu 600 na ushee. Moto nao unachukua fungu lake, maji yanatoka, karibu moja ya tano. Kinachofika kooni ni gramu 480 au 490. Hapo hakuna aliyekuibia, samaki ndivyo alivyoumbwa. Ndiyo maana mwenye akili hakiachi kichwa. Nyama ya shavu ni tamu kuliko ya mgongoni, na umeshailipia kwa gramu.

Kabla hajaondoka na samaki wako, mpime kwa shubiri. Msalie mtume, fanya hivyo hivyo hadharani. Nyama husinyaa motoni, uti wa mgongo hausinyai. Aliyeingia jikoni na shubiri mbili lazima atoke na shubiri mbili, pungufu ya ncha ya mkia iliyoungua. Akitoka na shubiri moja na vidole vitatu, huyo si yeye, huyo ni mdogo wake.

"Atachukua dakika ngapi?"

"Dakika 20 tu, bosi."

Uongo mtakatifu. Samaki wa kilo na ushee achanjwe ubavuni hadi mfupani, mara tatu kila upande, apakwe chumvi, limau, kitunguu saumu na tangawizi, akae viungo vimwingie. Mkaa nao mpaka ushike na kuvaa majivu meupe ni dakika 20 hadi 30 peke yake. Hapo ndipo apande jikoni, nusu saa nyingine akigeuzwa kwa upole. Kwa hiyo ni saa moja, na hiyo ni kama jiko si moja linalogombewa na kuku na mishkaki ya meza zote. Akiletwa baada ya dakika 15, alishakaangwa tangu mchana, amepitishwa kwenye waya wa moto apate michirizi. Akija amebabuka nje na ndani mbichi, mkaa ulikuwa mkali mno, au alitoka kwenye friza na katikati yake bado jiwe. Choma uma nyuma ya kichwa, pale penye unene: nyama ikikataa kuachana na mfupa, haijaiva. Ukimrudisha lakini, ujue anaenda kwenye maikrowevu, na akitoka humo utamla kwa maji ya 6,000.

Haya. Amekuja, ana shubiri zake mbili, ameiva, mmekula, mama watoto amekusamehe. Bili inaletwa ndani ya kijitabu cha ngozi, imefunikwa, na pipi mbili za mnanaa za kutibu mshtuko.

Chini kabisa ya menyu, kwa herufi za kusomwa na mwewe, palikuwa na maneno: bei hazijajumuisha VAT 18% na huduma 10%. Mtu anajumlisha kichwani, anapata 28. Ungejuaje. Huduma inakaa kwanza, halafu kodi inapanda juu ya vyote viwili, bei pamoja na huduma, na jumla inakuwa 29.8. Samaki wa gramu 1,350 ni 81,000. Weka huduma, 89,100. Weka VAT, 105,138. Gawanya sasa kwa zile gramu 480 zilizopita kooni. Uliyeambiwa 6,000 kwa gramu 100 umekula kwa karibu 22,000 kwa gramu 100. Bila ugali. Bila maji. Bila kachumbari, ambayo nayo ilikuwa na mstari wake.

Jamani! Kwani kuna ugumu gani kuandika bei ambayo mtu atalipa? Duka la dawa linaweza. Muuza mitumba Karume anaweza, na hana hata meza. Mama ntilie anakwambia 3,000 na inabaki 3,000 mpaka unanawa mikono. Ni huku tu, penye viyoyozi na vitambaa vya kujifuta vilivyokunjwa pembetatu, ndipo bei inaanza safari ukiwa umekaa.

Na hiyo kodi ifuatilie, maana wengine wanaikusanya kwa niaba ya wajomba zao. Kile kikaratasi kirefu cha kwenye kijitabu ni bili, si risiti. Risiti ni ile ya EFD, mashine ya kodi, na ukitozwa VAT humo ndani lazima pawe na VRN, namba ya usajili wa VAT, mbali na TIN, namba ya mlipakodi, ambayo kila biashara inayo. Mgahawa usiofikisha mauzo ya milioni 200 kwa mwaka haulazimiki kusajiliwa, lakini usiposajiliwa hauruhusiwi kukutoza hata senti ya VAT. Ukiona 18% kwenye bili na VRN haipo kwenye risiti, hapo pana jambo. Angalia pia jumla ya risiti ilingane na ulichotoa: kuna mashine zina aibu, unalipa 160,000 zinaandika 60,000. TRA, mamlaka ya mapato, wanatuambia ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Tunadai. Tunaambiwa mtandao unasumbua.

Huduma 10% nayo usimgombeze kijana. Muulize kwa upole tu, "Hii inakufikia wewe?" Akigeuka kuangalia kaunta kabla ya kujibu, umeshajibiwa. Mpe chake mkononi, taslimu. Ukimpa kupitia lipa namba ya ofisi, umemchangia tajiri mara ya pili.

Kichwa kimebaki, unaomba ufungiwe. Kontena, 1,000. Kichwa chako mwenyewe! Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, na sawa kabisa, mitaro ilikuwa imejaa, kwa hiyo kuna mfuko mbadala, 500, una jina la mgahawa kwa herufi kubwa, na unautembeza mji mzima ukiwatangazia biashara bila mshahara. Kontena lenyewe halifungi vizuri pembeni. Ukilala upande, mchuzi unapita kwenye ule mfuko bila kubisha hodi, unaingia kwenye kiti cha gari, na harufu ya samaki kwenye kitambaa cha kiti haitoki kwa sabuni. Paka magadi soda makavu, yale ya kuokea (baking soda), yalale usiku kucha, asubuhi yakung'ute, kisha futa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Usianike juani na madirisha yamefungwa, utakuwa unampika upya.

Ila hata kulifikia hilo gari kuna mtu katikati. Ulipofika hapakuwa na roho, uliparki mwenyewe kati ya mti na jenereta. Ukiwasha tu, anatokea na kizibao cha kung'aa, anapuliza filimbi, "Rudi, rudi, rudi, kata kulia, kulia bosi!", wakati kulia kuna mtaro na yeye ndiye kausimamia. Halafu mkono dirishani. Chenji huna, maana kaunta walikosa chenji wakakupa pipi nyingine mbili, na yeye kashaangalia pipi, kaangalia wewe, anasema "Mzee wangu, hata ya maji?" Hapo "bosi" imeshakufa. Maji ya wapi sasa, na maji ya hapa tunayajua bei yake!