Kubanana Tandale au kutawanyika Goba: tupige hesabu ya kiwanja

Foleni ikikwama tu Ubungo, maneno yanaanza. Mmoja anasema Dar imetambaa mno, uswahilini kama Tandale na Manzese kuvunjwe yapande maghorofa, mwingine anamjibu ardhi tunayo ya kumwaga, kwa nini watu wabanane, kila mtu akajitafutie kiwanja chake Goba, Madale au Chanika huko pembezoni akajenge apumue. Mi nawasikiliza wote naona wanaongelea msongamano ila kila mtu anapima kitu chake.

Sensa ya 2022 ilihesabu Dar watu 5,383,728, ukigawa kwa kilomita za mraba kama 1,400 za mkoa mzima unapata watu 3,800 na kitu kwa kila moja. Sawa, ila humo ndani kuna mapori ya upande wa Kigamboni na kuna Tandale, sasa hiyo namba inamhusu nani hasa?

Tushuke mpaka kwenye kiwanja chenyewe. Chukua nyumba ya kawaida ya uswahilini, ya chini, koridoo katikati, vyumba sita, choo uani. Kila chumba weka watu watatu tu, wanafika 18, kiwanja kiwe mita 20 kwa 20. Ukitoa theluthi ya eneo kwa ajili ya njia, hekta moja inabeba kama watu 300. Haya njoo kwenye ghorofa, floo nne, kila floo apatimenti tatu, kila apatimenti watu wanne, jumla 48, lakini hapo unatakiwa uache parking, tenki, geti, na nafasi kati yako na jirani, mita za mraba 1,200 zinaisha hivihivi. Hesabu ileile inakupa watu kama 270. Goba sasa, kiwanja mita za mraba 900, familia ya watu watano: hawafiki hata 40.

Kumbe ghorofa la namna hiyo halijaongeza watu, limeongeza nafasi ya kila mtu, na nafasi ndo inalipiwa. Mpangaji wa chumba kimoja Tandale huwezi kumpandisha floo ya tatu na kodi yake ileile, atahama, atakayeingia ni mwingine mwenye gari. Magomeni Kota mara nyingi hutolewa mfano, zile kaya 644 za kota za zamani zilirudi kwenye maghorofa mapya yaliyozinduliwa Machi 2022, ni kweli na ni jambo zuri, ila pale ardhi ilikuwa ya serikali. Tandale kila nyumba ina mwenyewe, tena nyingine ni za urithi, ndugu saba hawaongei, utaanzia wapi?

Ila wanaotetea uswahilini nao wasitupambie. Gari la kunyonya maji taka haliingii kwenye vile vichochoro, kwa hiyo watu wanasubiri mvua kubwa wanatapisha vyoo, uchafu unashuka na maji mpaka mlangoni kwa jirani wa bondeni, halafu tunashangaa kipindupindu. Gari la zimamoto ndo kabisa. Na kwenda juu bila kusimamiana nako ni balaa lake, Kariakoo Novemba 2024 ghorofa limeanguka limeua watu zaidi ya 20.

Huko pembezoni mimi nawaelewa wanaoenda. Unanunua kiwanja, unapandisha kwa mafungu, unahamia kabla hata ya dari, kodi ya miezi sita unaiaga, kuku unafuga. Gharama yake iko sehemu nyingine. Bomba la mita mia Tandale linagawanywa kwa mamia ya watu, Goba mita mia hizohizo zinafika kwa nyumba chache, nguzo za umeme vilevile, lami vilevile. Daladala haiwezi kuzunguka kutafuta abiria wawili wawili kwenye mageti, ndo maana mwendo wa mwisho ni boda, asubuhi na jioni, mwezi mzima, na hiyo nauli watu hawaiweki kwenye hesabu ya "nimejenga bei rahisi".

Na ule wastani wa mkoa haudanganyi Dar tu, miji midogo kama Chalinze au Makambako nayo ukiangalia wastani utasema ni mashamba matupu, wakati maduka, gesti na vyumba vya kupanga vimeng'ang'ania barabara kuu.

Kwangu mimi mtaa wa kuangalia ni Sinza. Viwanja vyake vilipimwa miaka ya 70 kwenye ule mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, vidogo tu, vya watu wa kipato cha chini, lakini barabara ziliachwa mapema. Leo wenyewe wanapandisha floo mbili tatu, fremu za biashara mbele, wapangaji juu, hakuna aliyevunjiwa mtaa mzima, na gari la maji taka linafika. (Kelele za baa ni kesi nyingine.)

Na huko Goba na Madale watu wameshaanza kukata viwanja vipande, mzee anawagawia watoto, mwingine anauza nusu amalizie nyumba. Kwa hiyo kubanana kunakuja tu, tupende tusipende. Kinachonitisha ni kwamba sehemu nyingi njia yenyewe ni ile iliyobaki baada ya kila mtu kusogeza ukuta wake.