Dunia Pepe Ibadilike Wapi, Isibadilike Wapi

Dunia pepe, yaani mazingira yanayoundwa na kompyuta ambamo mtu huingia kucheza au kujifunza, nyingi zina kasoro moja: zikishajengwa, hazimjali anayeingia ndani yake. Mlango hufunguka palepale na adui hutokea kona ileile, awe mtumiaji ni mgeni au amekwisha kubobea. Programu wakala, yaani zile zinazofuatilia yanayotendeka na kuamua zenyewe hatua ya kuchukua, zinaweza kuiondoa kasoro hiyo, lakini naamini ni lazima kwanza tuamue ni kitu gani kinachoruhusiwa kubadilika.

Katika mchezo wa Left 4 Dead, uliotolewa na kampuni ya Valve mwaka 2008, mna wakala anayeitwa Director. Wachezaji hawamwoni kamwe, ila yeye hukadiria muda wote msukosuko unaompata kila mmoja wa manusura wanne wanaopambana na mazombi: mtu akijeruhiwa kipimo hupanda, na zombi akiuawa karibu naye hupanda pia. Kikifika kileleni, Director huacha kuleta makundi mapya ya mazombi, huwapa wachezaji nusu dakika hivi ya kuvuta pumzi, kisha huanza kuwabana tena. Nauthamini sana ubunifu huu, kwa sababu unabadilisha mwendo wa mchezo bila kumkatiza mtu kwa maelezo.

Hata hivyo, mbinu hiyo ikihamishiwa kwenye mafunzo bila kufikiriwa, italeta madhara. Mtambo unaojilegeza kwa kuwa mwanafunzi amekwama unamfundisha uongo, na uongo huo atakwenda nao kazini.

Ndiyo maana bado naitazama kwa heshima kazi ya Jeff Rickel na Lewis Johnson wa Chuo Kikuu cha Southern California, ambao katika miaka ya 1990 walimtengeneza Steve, wakala wa kuwafundisha mabaharia wa Jeshi la Majini la Marekani kuendesha mitambo ya meli. Steve husimama ndani ya chumba pepe cha mitambo, huonyesha hatua za kazi, humwachia mwanafunzi ajaribu huku akimfuatilia, na mwanafunzi anaweza kumuuliza afanye nini sasa na kwa nini. Wanafunzi wakijifunza kama kikosi na mmoja wao akakosekana, Steve huishika nafasi yake. Kinachobadilika hapo ni msaada, wakati kompresa, yaani mtambo wa kushindilia hewa anaofundishwa mwanafunzi, inabaki na tabia zake zote, na hivyo ndivyo ningependa wauguzi na marubani wetu wafundishwe.