Kibao cha mabaharia wa Hong Kong

Juzi barazani, hapa Mombasa, kijana mmoja alisema mkoloni alisimamia vyama vya wafanyakazi ili vipate kukomaa. Nilipandwa na hasira, nikaondoka hata kahawa sijaimaliza. Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia.

Mdogo wangu, tazama Hong Kong, wakati huo koloni la Waingereza kama sisi. Mabaharia wa Kichina waliunda chama chao mwaka 1921, Su Zhaozheng na Lin Weimin wakiwa miongoni mwa viongozi. Mshahara wao ulikuwa mdogo mno kuliko wa Wazungu wa meli hiyohiyo, na hata huo dalali wa ajira aliumega kwanza. Mara tatu waliomba nyongeza. Januari 1922 wakagoma, wakashuka melini, wengi wakaelekea Canton (leo Guangzhou), mji wa China bara.

Tarehe 1 Februari Gavana Reginald Stubbs akakitangaza chama kuwa haramu. Polisi wakaenda ofisini, wakaking'oa kibao cha chama. Kibao! Ubao wenye jina tu. Kila nikifika hapa moyo unanichoma. Anayetaka kusimamia huwaita wenye meli na mabaharia, akawasikiliza wote. Anayeng'oa kibao anawaambia watu kwamba hawana jina, na mjini Hong Kong kila mtu alielewa hivyo: makuli, wapishi na watumishi wa nyumbani nao wakaacha kazi, hadi mwanzoni mwa Machi wagomaji wakafika kama 120,000. Siku hizohizo, waliokuwa wakienda Canton kwa miguu walimiminiwa risasi Sha Tin, humo humo Hong Kong. Wakafa watu waliokuwa wanatembea kwenda kwao.

Nakiri, tena kwa shingo upande, kwamba serikali hatimaye ililegea. Marufuku ikafutwa, nyongeza ya asilimia 15 hadi 30 ikakubaliwa, kibao kikarudi mahali pake mbele ya umati uliokuwa ukishangilia. Lakini mwaka 1927, baada ya mgomo mwingine mkubwa zaidi, ikatungwa sheria ya kuibana migomo.

Na sisi je? Mwaka huohuo wa mgomo wetu wa Mombasa wa 1947, Chege Kibachia, kiongozi wa wafanyakazi, alikamatwa, akapelekwa Baringo, mbali na wafanyakazi waliomsikiliza. Gavana wa Kenya na wa Hong Kong waliripoti kwa wizara moja kule London.

Ukirudi barazani, kahawa nitalipa mimi. Tutaanzia kwenye kibao.